Gari la Tumadhir Msimu wa Zeituni

Jumapili, 5 Oktoba

Nimesoma hadi darasa la sita, na mwalimu aliusifu mwandiko wangu mbele ya darasa zima, kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini naandika. Naandika kwa sababu mwaka huu nyumba yetu ina jambo la kuandikwa.

Binti yangu Tumadhir ana kazi. Gari lake la umeme ni jeupe, na mji wetu mzima wa Madaba umeliona kwa sababu mimi nimehakikisha wanaliona. Amelinunua kwa dhahabu ya mahari yake, bangili baada ya bangili, alipoachana na yule mwanamume ambaye jina lake halitachafua karatasi yangu. Alisomea umeme chuoni miaka miwili, yule bwana akamfungia cheti kabatini. Sasa kila asubuhi anawapeleka walimu wanne wa kike shuleni kwao Amman na mchana anawarudisha. Jioni gari linachomekwa kwenye chaja pale uani kama mbuzi anavyofungwa zizini, asubuhi linaamka limeshiba.

Ila jana halikushiba. Tumadhir alilichomeka, Shadha mke wa mwanangu akawasha oveni huko juu, mimi nikawasha hita ya maji ya kuoga, na swichi kuu ikaanguka. Giza, chini na juu. Muhannad mwanangu akateremka ngazi akiwa na povu la sabuni kichwani.

"Mama, hili gari linatunyonya umeme wote."

Marehemu mume wangu alipojenga ghorofa ya Muhannad alivuta nyaya kutoka kwetu chini. Watu walimwambia aombe mita ya pili. Akasema ndugu hawagawanywi kwa mita. Mungu amrehemu, maneno yake yalikuwa matamu, lakini swichi kuu haisikilizi maneno.

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumadhir amepunguza nguvu ya chaja. Ametukalisha na kutueleza, mimi na kaka yake na Shadha: "Nyumba hii ni bomba jembamba. Sote tukifungua kwa pamoja, hakuna atakayeoga." Oveni ni kabla ya magharibi, gari ni baada ya isha. Shadha alivuta mdomo lakini akakubali. Binti yangu anaeleza umeme mpaka hata mimi naelewa.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku ya maji, maana bomba la mtaa hutoa mara moja tu kwa wiki. Nimefua, nimejaza matangi ya darini, nimeosha ua wote. Nimechoka.

Jumatano, 8 Oktoba

Gari limejaa. Nilisema mimi.

Jumapili, 12 Oktoba

Halijajaa. Safari hii swichi kuu haikuanguka, taa za nyumba zote zinawaka, ila chaja ina jicho jekundu na gari lina njaa. Tumadhir akalazimika kusimama kituo cha kuchaji barabara ya Amman, walimu wakiwa ndani wanatazama saa. Mkubwa wao ni Mwalimu Ibtihal, mwanamke mwenye miwani na maneno machache. Alimwambia, "Leo tumesamehe, binti." Neno "leo" ndilo lililonikaa rohoni.

Nani anagusa chaja yetu? Mlango wa uani hufungwa na funguo ni mbili. Mmoja ninao mimi. Wa pili uko juu kwa Shadha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimefunga uzi wa sufu nyekundu kwenye plagi, mizunguko miwili na fundo langu ambalo hakuna anayelijua. Akiichomoa, nitajua. Halafu tutakaa kitako, mimi na yule binti wa watu wanaodhani kwao ndiko kulikozaliwa ustaarabu.

Jumanne, 14 Oktoba

Uzi uko vilevile. Fundo liko vilevile. Gari tupu.

Nimeufungua uzi kabla mtu hajaniona. Walimu wamechelewa mara ya pili.

Mchana nimemwita Baba Yazan, fundi umeme, ambaye Jumanne hafungui duka. Alipofika nilikuwa nimekunja suruali hadi magotini nasukuma maji ya kuoshea ua. Akapima hapa, akapima pale, akachomeka gari. Jicho la kijani, zuri kama tango.

"Mama Muhannad, gari lako halina kitu."

"Jana lilikuwa jekundu, na juzi pia."

"Basi linaniogopa." Akanywa chai ya majani ya maramia gilasi mbili, akaondoka akicheka.

Jumatano, 15 Oktoba

Limejaa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jekundu tangu jana. Tumadhir hali vizuri. Anakaa na simu anasoma mambo ya chaja, anachora kwenye bahasha za zamani. Amepima nguvu ya umeme asubuhi na jioni, akidhani umeme wa mtaa ndio umedhoofika. Sivyo.

Jumanne, 21 Oktoba

Baba Yazan amekuja tena, nikiwa nimelowa tena. Kijani tena. Alisema gari linamwogopa kweli, akauliza kama nataka aje alale hapa. Nilimwambia mke wake angefurahi kupumzika.

Ijumaa, 24 Oktoba

Tumechuma zeituni. Kwanza mzeituni wa uani, kisha ile ya shambani kwa marehemu. Tumetandika maturubai, watoto wa Muhannad chini, wakubwa juu ya ngazi. Nilidhani itakuwa siku ya kufurahi.

Muhannad alikuwa tawi moja na dada yake. Akasema bila kumtazama, "Jana walimu walisubiri wapi?"

"Kituoni."

"Kwenye vumbi la malori. Na kesho kutwa?"

"Nitaondoka mapema zaidi."

"Tumadhir, baridi inakuja. Tukiwasha hita za chumbani, hilo gari tutaliweka wapi? Nakupa mpaka zeituni zikamuliwe. Likiwa bado linasumbua, tumtafutie mnunuzi."

"Ni dhahabu yangu, Muhannad."

"Na umeme ni wetu sote."

Shadha akasema kutoka chini, "Mwache amalize msimu, Muhannad." Sikumtegemea. Nikadhani anasema kwa sababu mimi nasikia.

Tumadhir alichuma mpaka vidole vikawa vyeusi. Nami namjua binti yangu. Akinyamaza hivyo, anahesabu kilichobaki mkononi. Kilichobaki ni gari hilo. Likiuzwa, atakaa nyumbani kwangu akisubiri mtu aje kumposa, na watakaokuja nawajua: wajane wenye watoto sita na maradhi ya mgongo.

Jumapili, 26 Oktoba

Mwalimu Ibtihal ameongea. "Binti, tunakupenda, unaendesha vizuri kuliko wanaume. Lakini mkuu wetu wa shule haandiki 'gari halikuchaji' kwenye daftari la mahudhurio. Tukichelewa tena, itabidi tutafute mwingine."

Jumanne, 28 Oktoba

Maji hayakuja. Bomba kubwa limepasuka, wanasema mpaka wiki ijayo. Tangi langu liko nusu. Ua haujaoshwa, nasikia aibu hata kumfungulia jirani.

Alhamisi, 30 Oktoba

Jekundu. Jekundu juzi, jekundu jana. Tumadhir anaondoka alfajiri kwenda kusubiri zamu kituoni ili walimu wasichelewe. Hawajachelewa. Lakini jana alisinzia mezani mkate ukiwa mkononi.

Jumapili, 2 Novemba

Alhamdulillahi. Muhannad ametengeneza.

Mwanangu mwenyewe. Kumbe alikuwa anatazama video simuni, mtu mmoja anaeleza namna ya kuituliza chaja kaidi. Dada yake akiwa safarini alifungua soketi ya uani, akaweka kipande kifupi cha waya ndani, akafunga. Tumadhir aliporudi alikuta kijani. Hakuuliza, alichoka mno, alilala na viatu. Muhannad amesema huenda hakuna haja ya kuuza. Nimempikia makluba, wali wa kupindua wenye biringanya nyingi, na nilipokipindua chungu ukatoka mzima bila ufa. Nilisema nina watoto wawili na wote mafundi.

Jumatatu, 3 Novemba

Nitaandika yote.

Leo shule ya walimu ilikuwa na mapumziko, gari likabaki uani, limechomekwa. Vumbi la wiki bila maji limelifanya la kijivu. Nikasema gari la binti yangu halitalala chafu. Nikachota ndoo moja kutoka tangini, nikavua kandambili zisilowe, nikaanza kulipangusa kwa kitambaa. Juu Shadha alikuwa anaoka na hita imewashwa. Nikashika mpini wa mlango wa gari.

Sijui niseme nini. Ni kama mtu aliyenishika mkono kwa ndani ya mfupa. Kidole hakikuachia. Nilimwona Shadha kwenye roshani yake, mdomo wazi, kisha sikumwona. Alishuka ngazi nzima bila kugusa ukuta, akapita bila kunishika, akaenda kwenye swichi kuu akaipiga chini. Nikaachiwa, nikakaa chini kwenye maji.

Ndipo akaja akanikumbatia. "Usiinuke, mama. Pumua. Nitazame mimi."

Huyu ndiye niliyemfungia uzi mwekundu. Nimemwomba msamaha hapohapo, sehemu ya uani iliyolowa, naye hajui naomba msamaha wa nini. Akasema, "Mama, umepigwa umeme, unapayuka."

Tumadhir alitoka dukani akakuta nyumba nzima uani. Hakulia. Nilimwambia kaka yake aligusa soketi; akachukua bisibisi, akaifungua, akavuta kile kipande cha waya akakiweka kwenye kiganja cha kaka yake.

"Uliona wapi jambo hili?"

"Video," Muhannad akasema. "Watu wengi wanafanya."

"Taa nyekundu ilikuwa inasema waya wa ardhini hauna pa kwenda. Wewe ukaunganisha waya wa ardhini na ule wa kurudishia umeme. Hukuiponya chaja, Muhannad. Umeitia kitambaa mdomoni. Nyumba ilipoelemewa, umeme wa oveni yenu ulipanda kwenye bati la gari, na mama alikuwa peku."

Muhannad ana miaka thelathini na nane na ndevu. Alikaa kwenye ngazi akafunika uso. Tumadhir akamwekea mkono kichwani, akasema kwa sauti ya chini, "Ulitaka kunisaidia. Najua. Hujawahi kunisaidia hivyo tangu nirudi." Nikaona nyuso zao zikifanana kama walipokuwa wadogo.

Kisha akasema, "Lakini sasa tumerudi kwenye nyekundu, na ni kweli waya wa ardhini ndio una shida. Mbona Baba Yazan alipoupima ulikuwa sawa?"

Nami nilikuwa bado nimekaa chini, nimefunikwa blanketi la Shadha, nikamuuliza, "Huo waya wa ardhini unaishia ardhi ipi?"

"Ardhini tu, mama. Kwenye chuma kilichopigiliwa chini."

"Chini wapi?"

Akamtazama kaka yake. Muhannad akafuta uso. "Chini ya mzeituni. Nilikuwa mtoto, baba alinishikisha kile chuma akakipiga nyundo. Kilikuwa kifupi, mwamba ulimzuia."

Jamani. Nilisimama na blanketi langu.

Maana kila Jumanne mimi huosha ua, na maji yale siyamwagi barabarani, mimi si mfujaji. Nayasukuma yote mpaka kwenye mzeituni. Na Baba Yazan huja Jumanne. Na Jumatano gari limejaa. Na wiki hii nzima maji hayakuja na chaja haikuona kijani hata dakika moja mpaka ilipozibwa mdomo.

"Tumadhir," nikasema, "chuma cha baba yako kina kiu."

Alinitazama kama alivyonitazama siku nilipomruhusu kwenda chuo. Akaanza kucheka. "Udongo mkavu haupitishi umeme, mama. Udongo mkavu." Akajipiga paji la uso. "Nimepima kila kitu ndani ya nyumba. Sikutazama nje."

Muhannad akasema, "Tangi limebaki kiasi gani?"

"Kidogo," nikasema. "Lete ndoo."

Nikamwaga ndoo yangu, kisha ya pili, na udongo ukayanywa kwa sauti, nasikia. Tumadhir akawasha swichi kuu akachomeka. Jekundu. Watoto wakaguna. Maji ya kwangu yakawa yamefika mwisho, kumebaki ya kupikia na kutawadha. Shadha alipanda juu akashuka na sufuria kubwa ya maji ya tangi lake, ya kunawishia watoto, akaimwaga yote kwenye shina taratibu, akizunguka.

Tukasubiri.

Kijani.

Muhannad alinyanyua mikono yote miwili kama mtu aliyefunga goli. Nilipiga vigelegele, na mkono ulioumia ukaacha kuuma.

Jumanne, 4 Novemba

Maji yamerudi. Tumadhir amenikataza kumwagilia chuma: "Gari halitaishi kwa maji yako ya kuoshea ua, mama." Nimeelewa. Leo maji yameenda kwenye mlimau.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo wamechimba. Baba Yazan amekuja siku ya mapumziko na hakutaka chai kwanza, amesema hastahili. "Mama Muhannad, Jumanne tu, Jumanne tu. Ningekuja Jumapili moja ningelikamata."

"Ulisema linakuogopa," nikamjibu. "Kumbe lilikuwa linanipenda mimi."

Kile chuma cha marehemu kimetoka, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko, kimeliwa na kutu. Nimekiosha nimekiweka ndani, alifanya alivyoweza. Badala yake wamepigilia vyuma viwili virefu kona ya pili ya ua, mbali na mwamba, mpaka kwenye udongo unaobaki na unyevu. Tumadhir alionyesha mahali, Muhannad alipiga nyundo mpaka shati likashika mgongo. Kisha wakakagua nyaya za marehemu za kwenda juu, wakakuta ule wa kurudishia umeme umelegea na kuungua kwenye maungio. Hapo ndipo palitaka kuniua. Wameukata, wameunga upya. Chaja imepata laini yake na swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Na kwenye swichi kuu Tumadhir ameweka kifaa kidogo kinachotazama nyumba inatumia kiasi gani: tukizidisha, chaja inajipunguza, tukizima vitu, inaongeza.

"Yaani gari linasubiri tule kwanza," Shadha akasema.

"Kama mgeni mwenye adabu," nikasema.

Jumamosi, 8 Novemba

Muhannad amepeleka zeituni kukamuliwa. Amerudi na mafuta ya kijani yanayowasha koo. Neno la mnunuzi hakulitaja, nami sikumkumbusha.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeosha ua. Maji yote kwa mlimau.

Alhamisi, 13 Novemba

Kavu. Hakuna wingu. Kijani.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo ndiyo siku niliyoipanga mimi. Mafuta mapya hayaliwi bila musakhan, na musakhan yangu inajulikana mpaka Dhiban. Nikamwambia Tumadhir: mvua haijaja, udongo ni jivu, chomeka gari. Nikamwambia Shadha awashe oveni yake na mimi nikawasha yangu. Hita ya maji, hita ya sebuleni, mashine ya kufua. Nimemwalika Baba Yazan na mkewe, na Mwalimu Ibtihal mwenyewe.

Mikate imelowa mafuta na vitunguu na kiungo chekundu cha sumaki, kuku wamekaa juu, na watu wote macho yao kwenye taa ya darini badala ya sahani. Mpita njia angetuona wendawazimu. Taa ilififia kidogo, ikarudi. Tumadhir alikuwa anatazama simu yake. "Limejipunguza," akasema. "Linatungoja." Tulipozima oveni akasema, "Limeongeza."

Swichi kuu haikuanguka.

Mwalimu Ibtihal alipangusa vidole, akasema, "Tumadhir, kuna walimu wengine wanauliza. Uchukue gari kubwa zaidi muhula ujao."

Nikajibu mimi kabla yake: "Atafikiria." Mtu hauzi binti yake kwa bei ya kwanza.

Jumapili, 16 Novemba

Muhannad ameenda mwenyewe ofisi ya umeme kuomba mita ya pili kwa ghorofa yake. Amesema ndugu hawagawanywi kwa mita, lakini pia hawaunguzwi pamoja. Naona baba yake angekubali.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua ya kwanza, asubuhi, nzito, yenye harufu ile. Baba Yazan amepiga simu: "Sasa kila gari la Madaba litachaji." Nikamwambia, "La kwetu lilichaji kabla. Andika hilo dukani kwako."

Alasiri kengele ya geti ikalia. Muhannad alikuwa uani anafunika zana. Mwanamke nisiyemjua, mwavuli mkononi, na nyuma yake gari la umeme la bluu. Nilimsikia kupitia dirisha la jikoni.

"Samahani, kaka. Kwetu swichi kuu inaanguka kila tukichaji. Nimeambiwa na walimu kuna dada anayejua. Ni hapa kwa Mama Muhannad?"

Mimi nimeitwa Mama Muhannad tangu siku alipozaliwa, ingawa Tumadhir alimtangulia kwa miaka mitatu. Ndivyo tulivyo, jina hukaa kwa mwana wa kiume. Sijawahi kulalamika. Nilishika sufuria nikasubiri.

Muhannad alisimama kidogo kwenye mvua. Kisha akalifungua geti lote, mabawa mawili, gari lipite.

"Ingia, dada," akasema. "Hapa ni kwa Mama Tumadhir."